Kitambaa cha Kijani Mkononi

Leuven, Ubelgiji
15 Februari 2024

Nanima wangu,

Salaam alaykum. Nimefika. Naanza na neno hilo kwa sababu najua utaisoma barua hii umesimama pale kwenye masanduku ya posta, hata kabla hujapanda lifti. Mjomba Kazim amenihakikishia kwamba alikuambia kwa simu, lakini wewe ukiambiwa jambo kwa simu unasikia nusu, na nusu iliyobaki unaitunga mwenyewe. Ndiyo maana tulikubaliana barua. Kikachi chetu hatujui kukiandika, Kigujarati chako mimi sikisomi, Kiingereza changu wewe hukitaki. Kimebaki Kiswahili cha Singida. Nashukuru nilikaa huko miaka kumi kabla hujanileta Kanada, la sivyo tungeandikiana kwa michoro.

Safari ilikuwa ndefu lakini njema. Ndege ilitua Frankfurt, nikapanda treni hadi Cologne, nikasubiri pale saa tatu nzima, halafu treni nyingine mpaka hapa Leuven. Chumba changu cha muhula huu kinatazama uwanja wa baiskeli, na mvua inanyesha kama imeajiriwa. Jirani yangu wa chumba cha pili anaitwa Karima, amezaliwa Brussels, wazazi wake ni Wamoroko. Siku ya kwanza aliniona nanawa uso, mkono wa shati nimeukunja, akaona kile kitambaa cha kijani juu ya kiwiko akaniuliza kama nimeumia. Nikamweleza kwamba ni imam zamin, kwamba kwetu msafiri hufungwa sarafu kwenye kitambaa ili Imamu amdhamini njiani, na akifika salama humpa maskini bila kukifungua. Alipenda sana.

Nimeshaitoa sadaka, Nanima, kama ulivyoagiza. Usiwaze.

Chakula cha hapa ni mkate, na baada ya mkate, mkate. Nitumie achari ukipata mtu.

Mjukuu wako,
Shelina


Rexdale, Toronto
24 Februari 2024

Dada Gulbanu,

Mwambie Mama Pendo afunge mlango kabla hajaanza kukusomea. Ningekuandikia Kigujarati kama zamani, lakini macho yako yameingia ukungu na yeye Kigujarati hakijui, kwa hiyo siri yetu itabidi ipitie kinywani mwake. Miaka thelathini yuko jikoni kwako. Angekuwa mtu wa kutangaza, Arusha nzima ingeshajua umri wako.

Dada, nimefanya jambo. Siku ya Shelina kuondoka nilimshonea imam zamin. Unanijua, nikiagana na mtu sitazami ninachoshika. Kazim yuko chini anapiga honi, lifti moja mbovu, ya pili inasimama kila ghorofa, na mtoto ameshavaa koti. Nikachukua kitambaa cha kijani kwenye kopo la biskuti ninamoweka sindano, nikamvua mkono mmoja wa koti, nikamfunga juu ya kiwiko, nikamsomea, akaenda. Jana natafuta kifungo cha shati la Kazim, nakuta kitambaa cha kijani humo koponi. Nakibonyeza, shilingi niliyomshonea imo ndani.

Sasa umeelewa nilichomfunga. Pete ya Shireen. Miaka kumi na miwili nimeiviringisha kwenye pamba na kitambaa cha rangi ile ile, maana mwizi hatafuti dhahabu penye sindano. Mwanangu aliivua mwenyewe pale hospitali, kidole kimeshakonda hadi pete inateleza, akaniambia nimpe Shelina siku atakayomaliza chuo, si kabla. Hilo ndilo la mwisho alilonituma. Mtoto alikuwa na miaka minane, na baba yake alikuwa ameshaoa tena Mwanza. Sikumwambia habari ya pete, nilitaka aipate kama zawadi mpya kutoka kwa mama yake. Amebakiza mwaka mmoja. Na mimi, kwa mikono yangu, nimemfunga pete hiyo nikamwagiza ampe maskini, tena nikamwambia asifungue.

Ameniandikia kwamba ameshaitoa. Ni mtoto mtiifu, na leo utii wake unaniua. Siwezi kumwambia aende akaidai, sadaka haidaiwi. Na nikimwambia ilikuwa nini, atajilaumu maisha yake yote kwa kosa langu. Chakula hakipiti, dada. Nitamuuliza kidogo kidogo, kama mtu anayeuliza hali ya hewa.

Mdogo wako,
Nargis


Rexdale
24 Februari 2024

Shelina mwanangu,

Barua yako imefika na nimeisoma palepale kwenye masanduku, kama ulivyosema. Yule mama wa Kisomali wa ghorofa ya tisa akadhani napata habari mbaya, akanishikia mfuko wa vitunguu. Nikamwambia ni furaha. Theluji huku imegeuka matope, na basi la Kipling linapita na kumrushia kila mtu.

Mimi ni mzima, ila goti. Kazim amepandishwa cheo kule ghalani karibu na uwanja wa ndege, sasa anaingia asubuhi, hali tena na mkono mmoja akiendesha gari. Achari nitaipeleka na mtoto wa Akberali, anakuja Brussels mwezi wa nne.

Vaa soksi mbili. Usioge ukatoka nje na nywele mbichi.

Halafu ile imam zamin, nauliza tu. Uliitoa wapi? Ni mwanamke au mwanamume? Mtu mzima au kijana? Anakaa mahali pamoja, au ni wa kupita? Sina sababu, nimekaa tu nawaza, mtu aliyepokea sadaka ya safari yako anafaa kuombewa, na mimi siwezi kumwombea mtu nisiyemjua sura. Kama unaweza, nieleze vizuri.

Nanima wako,
Nargis


Leuven
9 Machi 2024

Nanima,

Salaam. Umeniuliza habari za yule mtu, nami nakueleza.

Ni bibi, labda wa umri wako. Nilimkuta Cologne, nilipokuwa nasubiri treni. Pale nje ya stesheni kuna kanisa kubwa ajabu, minara yake miwili ukiitazama shingo inauma. Bibi huyo alikuwa amekaa chini kwenye ngazi, juu ya boksi lililokunjuliwa, amevaa soksi za kijivu zenye kiraka chekundu kisiginoni, na kofia ya sufu iliyofumwa kwa mkono. Miguuni ana kikapu, ndani ya kikapu kuna paka. Nilipompa kitambaa hakuuliza ni nini. Alikibusu, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, ya baridi sana, akasema maneno ya Kijerumani ambayo sikuyaelewa, lakini nilijua ni dua. Nadhani anakaa pale siku zote, maana watu waliopita walimsalimu. Ana macho mazuri. Muombee huyo.

Kuhusu mambo mengine, masomo yanakwenda. Jumanne tunaanza kufunga, na Karima amenialika kufuturu kwao Brussels. Mwezi wa nne, wikiendi ya tarehe ishirini, mimi naye tunataka kuzunguka kidogo kwa treni, Maastricht, Aachen, tulale Cologne, turudi Jumapili. Huku nchi zimebanana, unakula asubuhi Ubelgiji, mchana Uholanzi, jioni Ujerumani, na hakuna anayekuuliza pasi.

Nanima, mbona umeuliza hivyo? Kuna jambo?

Shelina


Rexdale
1 Aprili 2024

Mwanangu,

Hakuna jambo. Nimeuliza kama bibi yeyote.

Barua yako nimeisoma mara nyingi mpaka mkunjo umechanika. Nitakuambia kweli, ilinitoa mzigo kifuani, na mzigo wenyewe usiuulize. Nilikuwa na wasiwasi kwamba imeangukia kwa mlevi. Sasa nikiswali namuona yule bibi na kiraka chake chekundu. Nasema, Mola, kama kile kitambaa kimemnunulia makaa au dawa ya kifua, basi kimefika kilikotumwa. Nimeridhika. Karibu niridhike.

Lakini mikono yake ya baridi imenikaa. Nimemfumia shali ya sufu, ya kahawia yenye ukingo wa rangi ya maziwa, kila siku kidogo nikisubiri futari. Mtoto wa Akberali atakuletea pamoja na achari. Wewe si unakwenda Cologne tarehe ishirini? Mpelekee. Mwambie imetoka kwa bibi mwenzake wa Toronto. Usimuulize lolote juu ya kitambaa, tafadhali, hata kama atakuonyesha. Mpe shali, umtazame tu kama anaonekana ana nafuu kidogo, uniandikie.

Paka wake mtafutie dagaa.

Nanima wako


Arusha
8 Aprili 2024

Nargis,

Mama Pendo anaandika, mimi nasema, na nimemwambia aandike kila neno hata yale ambayo ataona makali.

Kwanza, pole. Pili, wewe tangu utoto unafunga vitu usivyovitazama. Siku ya harusi yangu ulinifungashia sufuria ya mama nikafika nayo Arusha ikiwa na mchuzi ndani.

Tatu, zile barua mbili za mtoto, Kazim amezipiga picha akazituma kwenye simu ya Mama Pendo, nimesomewa. Na mimi macho yana ukungu lakini masikio yangu si kama ya mtu fulani. Nisikilize. Kwenye barua ya kwanza, rafiki yake amemwona na kitambaa mkononi akinawa uso huko Leuven. Kwenye barua ya pili, amekitoa Cologne. Sasa muulize Kazim akuonyeshe ramani, ni mji gani anapita kwanza. Amekitoa njiani, halafu akafika nacho?

Tena mtu aliyetoa sadaka kweli hakumbuki soksi. Mimi nimetoa sadaka miaka sabini, sijui hata mmoja alivaa nini. Kiraka chekundu, paka, kikapu. Mtoto huyo anapamba. Njia ya mwongo fupi, lakini huyu ameipanda maua pande zote mbili.

Inawezekana alikipoteza akaogopa kusema. Inawezekana anacho. Wewe hujui, mimi sijui, na hakuna atakayejua wakati nyote wawili mmekaa mnafichana. Mficha uchi hazai. Mwandikie umwambie pete ni ya mama yake. Mwambie kosa ni lako. Mtu mzima ndiye aanze.

Na ufanye haraka, maana Kazim anasema umemtuma Cologne na shali. Mwongo akisukumwa aonyeshe uongo wake, huenda akaugeuza kweli.

Dada yako,
Gulbanu

(Mimi Mama Pendo naongeza: pole sana Mama Kazim, nimelia.)


Maastricht, kadi ya posta yenye picha ya daraja
20 Aprili 2024

Nanima, niko njiani. Shali imefika, nzuri mno, Karima ameivaa kwenye treni nikamvua. Hapa Maastricht kanisa moja la zamani limegeuzwa duka la vitabu, watu wanakunywa kahawa pale alipokuwa akisimama padri. Mchana Aachen, jioni Cologne. Nimebeba kila kitu ninachotakiwa kubeba. Niombee nifanye vizuri. S.


Rexdale
22 Aprili 2024

Shelina,

Barua hii itakukuta umeshatoka Cologne. Ningeiandika wiki moja mapema, lakini barua ya Gulbanu ilichelewa, na mimi mwenyewe nilichelewa zaidi yake.

Kaa chini. Mwanangu, ile siku ya kuondoka nilikosea kitambaa. Nilichokufunga hakikuwa sarafu. Ilikuwa pete ya mama yako, ile ya dhahabu yenye jani dogo, ambayo ulikuwa ukiizungusha kidoleni mwake akikusomea kitabu. Aliniachia nikupe siku ya kumaliza chuo. Nimeitunza miaka kumi na miwili, halafu dakika moja ya honi ya Kazim nikaifunga mkononi mwako na kukuamuru uitoe.

Kosa ni langu, lote. Wewe umetii, na mtu aliyetii hana lawama hata mbele ya Mungu. Nilikuficha kwa sababu nilikuogopa. Ndiyo, mimi mtu mzima, nilimwogopa mtoto niliyemlea, kwamba ukijua utanitazama kwa jicho jingine.

Dada yangu anasema barua zako mbili hazilingani. Kazim amenionyesha ramani, na ni kweli hazilingani. Mimi sikuulizi. Kama ulimpa yule bibi, basi ni yake, na usirudi kumsumbua. Kama ulikipoteza, kimepotea. Na kama bado unacho, Shelina, kama kwa sababu yoyote ile bado unacho, hata iwe sababu mbaya, sitakugombeza. Niandikie neno moja tu, lile lile ulilonianzia barua ya kwanza.

Nanima wako


Leuven
22 Aprili 2024

Nanima,

Nimerudi jana jioni, na nimeamka na nia ya kukuambia ukweli kabla sijanywa chai, kwa sababu nikinywa chai nitapata akili ya kupamba tena.

Hakuna bibi. Hakuna paka. Soksi zenye kiraka ni zangu mwenyewe. Sijawahi kuitoa imam zamin yako.

Nilitaka. Nilipofika Leuven siku ile niliivua nikaiweka mfukoni ili nimpe mtu. Palikuwa na mtu hata hapo mlangoni pa stesheni, mzee mwenye kinanda. Nikasimama mbele yake nikashindwa, nikaifunga tena mkononi. Nilikuwa nimefika mahali ambapo sijui mtu, mvua inanyesha, sina hata mto wa kulalia, na kitu pekee kilichokuwa na mikono yako ni kile kitambaa. Mishono yako ile mikubwa ya haraka. Nikasema kesho. Kesho yake nikasema kesho. Nikakuandikia nimetoa, nikijua nitatoa wiki ile. Sikusahau, Nanima. Sikutaka kuachana nayo. Nililala nayo chini ya shavu kama mtoto wa chekechea, na nina miaka ishirini.

Halafu ukaniuliza ni mtu gani. Nikajua umenigundua, unanipa nafasi ya kusema. Badala ya kusema nikaumba bibi mzima. Ulipomfumia shali nikataka ardhi inimeze.

Basi nikapanga, wikiendi hii nitakwenda Cologne nimtafute bibi yeyote kwenye ngazi zile, nimpe shali, nimpe na kitambaa, ili uongo wangu uwe kweli na nisikudanganye tena. Niliubeba mpango huo miji mitatu. Maastricht sikuona chochote, nilikuwa nagusa mfuko. Aachen Karima alininunulia biskuti zao za viungo, zina mdalasini na karafuu kama chai yako, nikaanza kulia mdomo umejaa, ikabidi nimweleze. Alicheka mpaka akakaa kwenye ukingo wa barabara. Akaniambia, "Umemtungia mpaka paka?" Halafu akanifuta uso na ile shali.

Cologne tulifika jioni. Kuna daraja la treni pale lenye makufuli ya wapendanao, maelfu, wanafunga halafu wanatupa ufunguo mtoni. Nilimkumbuka marehemu Babu na duka lake la Singida, angewauzia kwa dazeni, na bado angewasihi wasitupe ufunguo. Jumapili asubuhi nikaenda kwenye ngazi za kanisa. Mvua ya mawe. Hakukuwa na bibi. Kulikuwa na kijana mwenye mbwa, na mwanamume aliyejipaka rangi ya fedha anasimama kama sanamu. Nilizunguka saa nzima. Nikaingia ndani ya stesheni kuosha mikono.

Chini kule chooni kuna mama anayefanya usafi, na meza yenye kisahani cha watu kuacha senti. Adhuhuri ilikuwa imekaribia, nikaona nitawadhe kabisa. Nikaweka kile kitambaa ukingoni mwa sinki, nikakunja mikono ya shati, nikainua mguu. Nikajua nitafokewa. Yule mama akaja na ufagio wake, hakutazama mguu, alitazama kitambaa. Akasema, "Imam zamin?"

Nanima, nusura nidondoke na mguu wangu sinkini.

Anaitwa Laiba, anatoka Quetta, umri wa kama Mjomba Kazim. Mimi Kiurdu changu ni cha kusikiliza majlisi tu, lakini tulielewana. Nikaona ndiye huyu, Mungu amenikutanisha naye. Nikampa shali, nikamwambia imefumwa na bibi yangu wa Kanada. Akaivaa palepale juu ya sare, akasema huku chini baridi inatoka sakafuni. Kisha nikampa kitambaa. Akakishika, akakibonyeza kwa kidole gumba, akakibonyeza tena, akanitazama usoni. Akaniuliza, "Aliyekufunga ni nani?"

Nikasema bibi yangu.

"Umesharudi kwake?"

Nikasema bado, narudi mwezi wa sita.

Akasema, "Basi safari yako haijaisha. Kwetu hii inatolewa msafiri akirudi kwa aliyemfunga." Nikamwambia sisi tunatoa tukifika tuendako. Akatikisa kichwa, akasema kila watu na desturi yao, lakini yeye hawezi kupokea kitu cha safari ya mtu aliye katikati ya njia. Akavuta mkono wangu akanifunga mwenyewe juu ya kiwiko, mahali pale pale ulipofunga wewe. Nikamuuliza, na yake? Akatoa pochi. Ilikuwemo, kitambaa chake cha kijani kimegeuka cha majivu. Mama yake alimfunga Quetta miaka kumi na mmoja iliyopita. Hajarudi. Akaingia mtu, Laiba akaenda kupangusa sinki.

Kwa hiyo ninayo. Sijaifungua. Nimekudanganya mara mbili kwa maandishi, na mara ya tatu kwa kunyamaza kwenye kadi. Nigombeze kwa barua ndefu, tafadhali, kurasa nyingi kadiri ulivyo nazo.

Shelina wako


Leuven
2 Mei 2024

Nanima,

Barua yako ya tarehe 22 nimeipata leo. Zimepishana hewani, yako na yangu, za tarehe moja.

Nilikaa chini kama ulivyosema. Nilipofika kwenye neno pete nilikunja mkono wa shati nikabonyeza kwa kidole gumba, kama alivyobonyeza Laiba. Kuna pamba, na chini ya pamba kuna duara. Nikapeleka kidole kuzunguka nikalipata na jani.

Nalikumbuka hilo jani. Nilikuwa nalisugua akinisomea, na akifika mwisho wa ukurasa ananiambia nimwachie kidole ili afunue.

Nimelia sana, kisha nimecheka, Karima akaja kutazama nimepatwa na nini. Nikamwonyesha mkono. Akasema angekuwa yeye angeshakata uzi. Mimi siukati. Laiba aliigusa na akajua si sarafu, Nanima. Alijua, na alikuwa anapangusa vyoo kwa senti za kisahani, na bado alinirudishia. Ningekuwa mtoto mtiifu ningeshaipoteza mlangoni pa stesheni siku ya kwanza, kwa yule mzee mwenye kinanda.

Uliomba neno moja. Ninayo. Najua si lile lile, lile nitakuambia tarehe 28 Juni, mlangoni kwako.

Sikutazami kwa jicho jingine. Sina jicho jingine.

Shelina


Rexdale
4 Mei 2024

Shelina mwanangu,

Ile ya tarehe 22 imenifika jana. Nimeisoma kwenye masanduku. Nikafika kwenye "sijawahi kuitoa" nikakaa chini palepale sakafuni, kwenye viatu vya watu, na yule mama wa Kisomali akakaa pembeni yangu bila kuuliza. Nikamwambia, mjukuu wangu ni mwongo, alhamdulillah. Akasema alhamdulillah. Jioni akaniletea sambusa.

Nimeshusha pumzi ambayo nilikuwa nimeibana tangu mwezi wa pili. Nimekula wali sahani mbili. Mungu si Athumani, Shelina. Nimempigia Gulbanu mwenyewe, nikapiga kelele kwenye simu, sijui alijibu nini lakini nilimsikia Mama Pendo akishangilia nyuma.

Umetaka nikugombeze. Haya. Usinidanganye tena, kwa sababu mimi huamini, na nikiamini nafuma. Yule bibi wako nimemwombea dua siku ishirini, sitaki ziende bure, nimemwomba Mungu azihamishie kwa Laiba. Na ukipita tena Cologne kabla hujarudi, mpelekee soksi nilizoanza jana, muulize mama yake wa Quetta anaitwa nani. Nataka kumtaja kwa jina.

Ile shilingi iliyobaki koponi nimemwambia Kazim aipeleke msikitini, iingie sandukuni kwa ajili yako. Kwa hiyo sadaka ya kufika imetoka, imechelewa tu. Sadaka ya kurudi tutaitoa pamoja.

Pete, mama yako alisema siku ya kumaliza chuo. Nimefikiri sana. Naona hata yeye angekubali kwamba ulishaipata, na kwamba uliilalia shavuni bila kuambiwa ni ya nani. Usiifungue huko. Oga nayo, lala nayo, pita nayo uwanja wa ndege hata wakikuuliza. Njoo nayo mkononi kama nilivyokufunga.

Mkasi nimeshauweka mezani.

Nanima wako,
Nargis